Nguruwe Aliyevaa Suruali ya Babu, na Mimi Niliyemsoma

Mwalimu mkuu wenu ameniomba niandike kurasa chache kuhusu miaka yangu ya kufundisha darasa la kwanza, ziwekwe ofisini mzisome nyinyi vijana mnaoanza kazi. Akasema nitie na hekima kidogo. Kurasa nitaandika. Hekima nimeitafuta tangu juzi nyumba nzima, nimeambulia miwani tu.

Nikiri mapema kwamba darasa la kwanza sikulitaka. Nilitoka chuo huko Mbeya nikiwa kijana mrefu, kifua kipana, nimeshonesha suruali mbili za kitambaa kizito, na niliamini nimezaliwa kufundisha hesabu darasa la saba. Nilipopangiwa shule ya kijiji upande wa barabara ya Matai, mama alilia. "Lusajo mwanangu," akaniambia, "Sumbawanga usigombane na mtu. Watakupiga radi jua linawaka." Nimekaa Ufipa miaka thelathini na ushee na radi haijanipata. Kilichonipata ni baridi, tena kila Juni, na hiyo mama hakuitaja.

Siku ya kwanza mwalimu mkuu wa wakati ule alinitazama kuanzia viatu hadi kichwa. "Una mwili," akasema. "Darasa la kwanza watakuogopa, watatulia." Usaili ukaishia hapo. Nikakabidhiwa chaki nusu pakiti, ubao wenye ufa katikati, na watoto themanini na wawili wenye masweta ya kila rangi isipokuwa rangi ya shule. Walisimama, wakanisalimia kwa sauti moja, wakakaa, wakainamisha vichwa. Mzee hakukosea, maana waliniogopa na walitulia. Walitulia miezi minne. Nikiuliza hii ni herufi gani, wote themanini na wawili walitazama vidole vya miguu yao, kana kwamba jibu limeandikwa huko.

Chumba cha pili, ukuta mmoja na wangu, alikuwa Mwalimu Gaudensia na mkondo B. Alikuwa mama wa Kifipa, mfupi, sweta la bluu mwaka mzima, amebakiza miaka michache astaafu. Kila siku baada ya mapumziko vicheko vilipenya ukutani hadi vumbi la chokaa likatuangukia. Mimi nikiwa kwenye a, e, i, o, u, watoto wangu walikuwa wamegeuzia masikio ukutani. Nilivumilia wiki kadhaa, kisha nikaenda kumlalamikia. Niliingia na maneno makali niliyoyafanyia mazoezi. Nilitoka na kitabu.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha picha, kimeshonwa upya mgongoni kwa uzi wa gunia na kubandikwa kwa uji wa ngano. Nguruwe anaiba suruali ya babu kwenye kamba ya kuanikia nguo. Anaivaa, anakwenda nayo sokoni. Kila anayekutana naye njiani anadhani ni babu, anainama kwa adabu: "Shikamoo, babu!" Na nguruwe anaitikia: "Kroo!" Basi. Mwishoni, katikati ya soko, suruali inamvuka. Niliposoma peke yangu ofisini nilicheka hadi chai ikanipalia.

Kesho yake nikasimama mbele ya darasa, nikakishika kitabu mbele ya uso wangu na kusoma. Kimya. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. Kimya. Nikafika kwenye "Kroo!" nikakoroma kwa nguvu zangu zote, nguruwe mzima wa kilo mia. Mtoto mmoja mstari wa mbele akaanza kulia. Wengine wakainama zaidi. Nilikoroma wiki nzima, vijana wangu, hadi sauti ikakauka, na mlinzi wa shule akaniuliza kwa huruma kama kifua kinanisumbua.

Nikamrudishia Mwalimu Gaudensia kitabu chake. "Watoto wako wanajua Kiswahili," nikamwambia. "Hawa wangu wanajua Kifipa tu."

"Mwalimu, tuliwagawa kwa herufi za majina," akanijibu. "Kuna mapacha, Adelina yuko kwangu na Wenseslausi yuko kwako. Wanalala kitanda kimoja. Huyo wa kwako Kiswahili kakipoteza wapi?"

Akanikalisha.

"Huku kwetu mtoto hamcheki mtu mzima usoni. Hata ukidondoka kwenye tope mbele yake, atakupa pole, atakuokotea kofia, atakwenda kucheka jikoni kwa mama yake. Sasa wewe umesimama pale juu, suruali imepigwa pasi, unakoroma. Wakucheke wapigwe? Hujawapa ruhusa."

"Ruhusa naitoaje?"

"Shuka."

Akanionesha. Mmeshaona wenyeji wanavyomsalimia mtu wa heshima: unachuchumaa, unakunja viganja kama unateka maji, unapiga makofi ya taratibu. Alichuchumaa hivyo pale ofisini, pamoja na miaka yake yote. "Unawasalimia hivi wao. Ukishuka chini yao, wewe ndiye mdogo, wao wakubwa. Mdogo anachekwa, hakuna kosa."

Nikakataa. Nilimwambia nina cheti. Ndiyo, nilisema hivyo, kwa mdomo huu huu: "Mwalimu, mimi nina cheti." Akanitazama, akachukua kitabu chake, akaenda darasani, na baada ya muda vumbi la chokaa likaanza kuniangukia tena.

Ningeendelea hivyo hadi kustaafu kama si Bibi Sekunda. Alikuja asubuhi moja amemshika mjukuu wake mkono, Odilia, mtoto wa miaka saba mwenye sweta la kijani lililokunjwa mikono mara tatu. Odilia alikaa mstari wa tatu darasani kwangu. Sikuwa nimewahi kuisikia sauti yake.

Bibi alinisalimia kwa heshima zote kwanza, kisha akanipa yangu. "Mwalimu, mimi nilikuletea mtoto anayeongea. Nyumbani anaongea mpaka mbuzi wanachoka. Kwako amekaa miezi minne hajafungua mdomo. Kama shule ni kunyamaza, anaweza kunyamaza huko mjini Mazwi kwa shangazi yake, anamlelea mtoto. Tukimaliza kuvuna ulezi, anaondoka."

Nilijua maana yake. Mtoto wa miaka saba akishabebeshwa mtoto mgongoni mjini, daftari halioni tena. Ulezi ulikuwa umeshaanza kuinamisha vichwa mashambani. Nikamtazama Odilia, naye akatazama vidole vyake vya miguu, nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona tena maishani. Yule mtoto hakuwa bubu. Mimi ndiye nilikuwa nimesimama juu mno.

Kesho yake nikaazima tena kitabu kwa Mwalimu Gaudensia, na baada ya mapumziko nikaingia darasani, nikavuta pumzi, nikachuchumaa.

Suruali ikachanika. Nimeshawaambia kitambaa kilikuwa kizito, na kitambaa kizito hakichaniki kwa siri. Kilichanika kwa mlio uliofika mkondo B. Nikabaki pale chini, siwezi kuinuka kwa aibu, siwezi kugeuka kwa sababu zinazoeleweka. Nikaona hakuna la kupoteza tena. Nikakunja viganja, nikapiga makofi ya taratibu. "Wakubwa zangu," nikasema, "naomba ruhusa niwasomee kitabu. Mkiona cha kucheka, mcheke. Sitampiga mtu."

Kisha mstari wa tatu, nyuma ya mkono wa sweta la kijani, kitu kikaponyoka: "Hii!" Odilia akauziba mdomo kwa mikono miwili, lakini alikuwa ameshachelewa. Wenseslausi akafuata. Halafu darasa zima likapasuka, na mimi nikasoma nikiwa nimeegemeza mgongo ukutani, kwa usalama.

Fundi cherehani wa kijiji alinitilia kiraka nyuma na kuachia kiuno. Aliachia sana. Kuanzia hapo kila nikifunua ukurasa ilibidi niivute suruali juu, na watoto walikuwa wanausubiri mvuto ule kama sehemu ya hadithi. Mimi sikujua. Nilidhani wanamsubiri nguruwe.

Kuhusu kazi yenyewe, nitasema machache niliyojifunza miezi ile. Kitabu usikiweke mbele ya uso, kiweke ubavuni mwa sikio, picha zikiwatazama wao. Maana yake usome kwa kupinda shingo, na shingo itauma, zoea. Funua kwa pembe ya juu, taratibu, ili jicho la nguruwe litangulie kuonekana kabla ya suruali. Neno linalojirudia usiliseme wewe. Anza, "Shikamoo, babu!" kisha nyamaza, wao wataitikia. Kitabu kimoja soma mara ishirini, wewe ndiye utakayechoka, wao hawachoki. Na usiulize mwishoni hadithi inatufundisha nini. Niliuliza mara moja, Adelina aliyekuja kutembelea mkondo wetu akanijibu, "Tusianike suruali." Sikuuliza tena.

Odilia alianza na "Kroo!" ya chini chini. Baada ya wiki mbili akaomba aje ashike kitabu. Baada ya wiki nyingine niliona kidole chake kinatembea chini ya maneno, hakifuati picha. Nilifurahi, nikatamba. Nilimwambia Mwalimu Gaudensia kwamba nimegundua mbinu mpya ya kufundisha kusoma. Akaniuliza niliigundulia wapi.

Nilichosahau kukigundua ni hiki: nilikuwa nimewafundisha watoto themanini na wawili kwamba mtu mzima akisimama mbele ya watu na kufungua kitabu, ruhusa ya kumcheka imetolewa.

Mimi si Mkatoliki, kwa hiyo Jumapili ile nilikuwa nyumbani nafua mashuka. Niliyapata yote Jumatatu, kwa kila niliyekutana naye, na kila mmoja aliongeza kidogo. Kigangoni, kwenye kanisa dogo la kijiji, katekista, Mzee Kastori, alisimama kusoma somo. Alifungua kitabu. Akasafisha koo. Halafu, maskini, mkanda wake ulikuwa umelegea, akaivuta suruali juu.

Wanasema kicheko kilianzia mabenchi ya mbele ya watoto, kikawashika watoto wote kanisani, na hakikuzimika hadi walipotolewa nje. Wanasema na baadhi ya akina mama walijifunika khanga usoni. Aliyeanza alikuwa Odilia.

Mzee Kastori, pamoja na ukatekista, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule. Jumanne nikapata barua ya kuitwa kikaoni, imeandikwa kwa mkono wake mwenyewe na kupigwa muhuri. Nilipoingia wazee walikuwa wamekaa, Mwalimu Gaudensia kwenye kona, na Bibi Sekunda mlangoni na Odilia wake. Mashambani kwao ulezi ulikuwa umeshakatwa wote. Kifurushi cha nguo za Odilia kilikuwa miguuni pa bibi, kimefungwa tayari kwa safari ya Mazwi. Nilipokiona kile kifurushi, maneno yote ya kujitetea yakanitoka kichwani.

"Mwalimu," Mzee Kastori akaanza, "tumekupa watoto uwafundishe kusoma. Umewafundisha kuwacheka wanaosoma. Hivyo vitabu vyenu vya picha vinafungiwa sandukuni leo, na ufunguo nakaa nao mimi."

"Na huyu," Bibi Sekunda akadakia, "nilimtoa nyumbani hajui kusoma, lakini adabu alikuwa nayo. Sasa vyote hana. Anaondoka leo leo."

Nikasema anajua kusoma. Nikasema mpaka jasho likanitoka kwenye baridi ile. Mzee Kastori akanikatisha. "Kisome hicho kitabu na sisi tusikie, tujue kilichowachekesha watoto mbele ya madhabahu."

Hapo sasa mjinga wenu akafanya kosa lile lile kwa mara ya pili. Mbele ya wazee nilitaka kuonekana mtu makini. Nikasimama wima, nikafunga vifungo vya koti, nikasoma kitabu chote kuanzia kamba ya nguo hadi sokoni, hadi "Kroo!" ya mwisho, niliyoitoa kwa heshima. Hakuna aliyetikisa hata sharubu. Mzee mmoja alinitazama kwa masikitiko ya kweli kabisa. Mwalimu Gaudensia alifumba macho.

Bibi Sekunda akashindwa kuvumilia. "Odilia! Hebu pita mbele. Waoneshe wazee ulichokuwa unacheka."

Mtoto akapita katikati ya wazee. Akachuchumaa, akakunja viganja vidogo vile, akapiga makofi ya taratibu. "Wakubwa zangu," akasema, "naomba ruhusa niwasomee. Mkiona cha kucheka, mcheke."

Wazee wakatazamana. Mzee Kastori akamwitikia kwa makofi, maana hakuna Mfipa anayeweza kuacha salamu hiyo bila kuijibu.

Odilia akainuka. Akakiweka kitabu ubavuni mwa sikio, akapinda shingo. Akakitoa kifua mbele. Akashika kiuno cha sketi yake na kuivuta juu, akasoma ukurasa wa kwanza. Akafunua pembe ya juu, taratibu. Akaivuta sketi tena. Alisoma kwa lafudhi yangu ya Mbeya, vijana wangu, ile niliyodhani nimeiacha Mbeya, na kila nguruwe alipokoroma, alikoroma kama mwalimu mwenye cheti.

Sauti ya kwanza ilitoka kwa Bibi Sekunda, na ilifanana sana na ile "Hii!" ya nyuma ya sweta. Mzee wa masikitiko akafuata. Mzee Kastori alijitahidi. Aliuma midomo, akatazama dari, akaokoa hali kwa kusema, "Amekariri. Huko si kusoma." Akamnyooshea karatasi iliyokuwa mezani mbele yake: barua yangu ya kuitwa kikaoni, niliyokuja nayo. "Soma hii."

Odilia akaipokea, akaiweka ubavuni mwa sikio, akaivuta sketi. "U-na-ta-ki-wa," akasoma, "u-fi-ke ki-ka-o-ni... bi-la ku-ko-sa." Akaangalia ule muhuri mkubwa wa mviringo chini ya barua, akaona hauna herufi anazozijua, akafanya alivyofundishwa pale maneno yanapokwisha na picha inabaki. "Kroo!"

Hapo Mzee Kastori akakata tamaa. Alicheka akiwa ameinamia meza, machozi yanamtiririka, anaigonga meza kwa kiganja. Kamati nzima ilicheka. Na walikuwa wananitazama mimi, sio kitabu. Ndipo nilipoelewa kwamba tangu siku ile suruali ilipochanika hakuna mtoto hata mmoja aliyekuwa akimcheka nguruwe. Iliniuma kidogo, sitadanganya. Halafu nikaona Bibi Sekunda anafuta macho kwa pembe ya khanga, na kwa mkono mwingine anafungua fundo la kile kifurushi.

"Haendi Mazwi huyu," akasema. "Shangazi yake atafute mtu mwingine."

Mzee Kastori alinirudishia vitabu kwa sharti moja. "Ruhusa ukiifungua, uifunge." Kuanzia siku hiyo kila nilipomaliza kusoma nilisimama, nikapiga kofi moja kubwa, nikasema, "Ruhusa imekwisha." Wale waliobaki na kicheko walikimeza hapo hapo. Nawaombeni mfanye hivyo hivyo, hasa kama mnaishi karibu na kanisa.

Mwalimu Gaudensia alipostaafu aliniachia sanduku lake la vitabu, lililokuwa la sabuni. Nguruwe alichakaa, nikamchora upya mwenyewe kwenye manila. Sijui kuchora. Watoto wa miaka iliyofuata walidhani ni hadithi ya kiboko, na mwaka mmoja walidhani ni picha yangu. Nilihamishwa shule tatu, sanduku nililibeba, na kila Januari nilichuchumaa mbele ya sura mpya. Odilia alimaliza la saba, akaolewa, nikapoteza habari zake.

Mwezi uliopita, nikiwa mstaafu kamili, nilikwenda Namanyere kwenye harusi. Nikapita sokoni kununua ndizi za njiani. Uzee umenipunguza kiuno, kwa hiyo nilipopokea ndizi ikabidi niivute suruali juu.

Kicheko kikapasuka nyuma yangu. Kugeuka tu, nikaona binti wa kama miaka sita, ananinyooshea kidole. "Mama! Mama! Babu wa nguruwe!"

Mama akatoka nyuma ya magunia ya mchele anaouza, mkono umeshainuliwa kumwadhibu. "Mtu mzima anachekwa? Hebu mwamkie..." Akaniona. Mkono ukashuka. Akachuchumaa pale pale kwenye vumbi, akapiga makofi ya taratibu, na nilimjua kwa viganja kabla ya sura.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Odilia."

"Unisamehe. Nawasomea kila siku. Kitabu sina, nasomea kiganjani." Akakiweka kiganja ubavuni mwa sikio, akaona aibu, akakishusha. "Nakusoma wewe, Mwalimu."

Yule binti alikuwa amenyamaza. Alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama vidole vya miguu yake.

Nikampa mama yake ndizi anishikie. Wauza nyanya wote wakawa wanatazama. Nikachuchumaa, magoti yakalia, nikakunja viganja nikapiga makofi. "Mkubwa wangu," nikamwambia, "naomba ruhusa."

Akainua kichwa. "Shikamoo, babu," akasema.

"Kroo!"

Alicheka hadi akakaa chini. Nami nikataka kuinuka, nikashindwa. Ilibidi Odilia anishike mkono huu, na binti yake mkono ule, wakanivuta hadi nikasimama wima katikati ya soko, na suruali ikawa haina wa kuishika.